Chokoleti ya kula, bangi ya kupima

Mimi ni mzaliwa wa Kyela, mume wangu ni wa Tanga mjini, na makazi yetu ni Oakland, California. Nataja makwetu mapema kwa sababu yanahusika. Kyela ndiko inakotoka sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania, kwa hiyo chokoleti kwangu ina ukoo. Na Tanga, kama pwani yote, watu wanajua tangu zamani kwamba kichungu na kitamu huandamana: kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, pembeni halua au kashata, unatafuna, unapiga funda. Mume wangu alipoonja chokoleti nyeusi ya asilimia 70 kwa mara ya kwanza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama Tumaini, hawa wamesaga kahawa na kashata yake pamoja."

Bangi ndiyo haina ukoo kwetu. Nilikokulia, ukisikia fulani anavuta bangi ujue keshahukumiwa. Hata akija kuwa meneja wa benki, jina halimtoki. California ni habari nyingine. Wapiga kura waliipitisha kwa Pendekezo la 64 Novemba 2016, na kuanzia tarehe 1 Januari 2018 maduka yenye leseni yakaanza kumuuzia mtu mzima yeyote aliyetimiza miaka 21. Mlangoni unaonyesha kitambulisho, ndani unahudumiwa na kijana mwenye adabu anayekuuliza unataka kujisikiaje, na unatoka na mfuko uliofungwa kama wa dawa. Siku ya kwanza niliingia nimejitanda mtandio kichwani utadhani naenda kuiba. Hakuna aliyenitazama. Mbele yangu alikuwepo bibi mwenye fimbo akiuliza kuhusu usingizi.

Sisi hatuli bangi ovyo. Tunaila kwenye kumbukumbu ya ndoa yetu, na pengine usiku mwingine mmoja mmoja watoto wakiwa kwa mama yao mdogo. Wanawake wenzangu wakishajua hilo, swali huja kwa kunong'ona jikoni, sufuria la pilau likiwa bado motoni: mnafanyaje na chokoleti? Maana wameona kwenye maduka chokoleti yenye bangi ndani, kwenye boksi zuri lenye utepe, imepangwa mbele kabisa kila ikikaribia Februari 14, na wanadhani kazi imekwisha: unanunua, mnakula, mnapendana.

Nawajibu kwamba kwangu hivyo ni vitu viwili na vinakaa sahani mbili. Chokoleti ya kula haina bangi ndani yake. Bangi ni kipande kimoja kidogo kilichopimwa, kinaliwa mapema, na kikishaliwa boksi lake linarudi kwenye sanduku lenye kufuli.

Sababu ya kwanza ni tamaa. Sheria ya California inasema kipande kimoja cha bangi ya kula kisizidi miligramu 10 za THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, na pakiti nzima isizidi 100. Kwa hiyo mche wa chokoleti unaoutoa dukani mara nyingi una miligramu 100, umekatwa vipande kumi au ishirini. Sasa nioneshe mtu anayekula kipande kimoja cha chokoleti akaridhika. Chokoleti imetengenezwa ili irudiwe. Ukimwekea mwenzio sahani yenye vipande vya bangi, mazungumzo yamenoga, mkono wake utakwenda wenyewe, na wewe mwenyeji utakuwa askari wa kuhesabu. Usiku wa mapenzi hautaki askari.

Kisa cha Maureen Dowd, mwandishi wa The New York Times, nakipenda kwa sababu alikisimulia mwenyewe, hakuna aliyemsingizia. Mwaka 2014, Colorado ikiwa ndiyo kwanza imefungua maduka, alikwenda Denver, akanunua mche wa peremende wenye ladha ya chokoleti, akamega kidogo hotelini. Akaona kimya. Akamega tena. Kisha akalala amejikunja kitandani saa nane nzima akiamini mabaya yote duniani yamemfika. Baadaye akaambiwa kwamba mche ule mtu mgeni alipaswa kuukata vipande kumi na sita. Msomi yule, mwenye kalamu inayoogopwa Washington, aliangushwa na kitu cha kawaida kabisa: kilikuwa kitamu, na kilichelewa.

Kuchelewa ndiko kunakowasumbua wengi, na hapo nitakaa kidogo. Bangi ikivutwa inafika kichwani ndani ya dakika chache kwa sababu inapitia mapafu. Ikiliwa inashuka tumboni, inafyonzwa polepole, inapitia ini kwanza, na ini linaibadilisha THC kuwa kitu kingine chenye nguvu na chenye kukaa. Ndiyo maana unaanza kuisikia baada ya nusu saa ukiwa na bahati, lakini inaweza kufika saa mbili. Kilele chake huja saa mbili mpaka nne tangu ulipokula, na mabaki yake yanaweza kwenda saa sita, nane, hata zaidi. Mafuta ya chakula yanasaidia ifyonzwe zaidi, kwa hiyo aliyekula pilau la nyama na aliyeshinda na njaa hawatafika pamoja hata kama kipande ni kile kile.

Utaona mara moja tatizo la wanaofuata desturi ya hotelini: chakula, halafu kitindamlo, chokoleti ya bangi saa nne usiku mishumaa ikiwaka. Saa nne! Stimu zitapanda saa sita, mmoja keshakoroma, mwingine anatazama feni ya dari anafikiria madeni. Kisha kesho yake mtu anaamka kichwa kizito, anakwenda kazini nusu yake ikiwa bado kitandani. Watu huwa wanalaumu bangi, kumbe ni saa tu.

Kwetu kipande kinaliwa saa kumi na mbili jioni, jua la Oakland bado lipo. Kabla ya hapo tumeshakwenda kutembea kwa miguu kando ya Lake Merritt, tumerudi, gari limeegeshwa na funguo zimewekwa mbali, kwa sababu baada ya kipande hakuna mwenye kuendesha mpaka kesho. Tunakula mapema na tunakula kidogo: samaki wa nazi, mchicha, wali kiasi. Mvinyo hatuweki. Pombe na bangi zikikutana hazijumlishwi, zinazidishana, na anayeumia ni tumbo. Saa moja na nusu hivi ndipo inapokuja sahani ya chokoleti isiyo na kitu, ya kula mpaka uchoke, na wakati huo huo ile ya saa kumi na mbili inaanza kubisha hodi. Mtu anakula chokoleti ulimi wake unazidi kufunguka. Hapo ndipo penye ladha, na huwezi kupafikia kama vitu hivyo viwili viko kwenye kipande kimoja.

Kipimo chetu ni miligramu mbili na nusu kila mmoja. Wazoefu wanatucheka. Waache wacheke. Mwaka 2021 taasisi ya serikali ya Marekani inayotafiti dawa za kulevya, NIDA, iliamua kwamba miligramu 5 za THC ndiyo iwe kizio cha kutumika kwenye tafiti. Sisi tunachukua nusu ya hapo. Binamu yangu aliyeko Toronto alishangaa nilipomtajia pakiti ya miligramu 100, kwa sababu Kanada, walikohalalisha Oktoba 2018, pakiti nzima ya bangi ya kula haivuki miligramu 10. Anachonunua yeye kwa boksi zima, California kinaitwa kipande. Na ukubwa wa mwili usikudanganye. Mume wangu ni pande la mtu, mimi ni mwembamba, lakini yeye ndiye anayeanza kucheka kwanza na ndiye anayelala kwanza. Kila ini na mambo yake.

Kwa kipimo hicho kinachokuja si ulevi. Ni kama mtu amepunguza sauti ya redio iliyokuwa inawaka kichwani tangu asubuhi: bili, barua pepe za shuleni, zamu ya wikiendi. Ngozi inasikia zaidi. Dakika zinarefuka. Mnaongea habari ambazo hamjaziongea tangu mko wachumba, au mnanyamaza na ukimya hausumbui. Mkizidisha mnapata kinyume chake: mdomo mkavu, moyo unakimbia, kila mtu amejifungia ndani ya kichwa chake kitanda kimoja. Wanaosema bangi ni dawa ya mapenzi wanasema nusu ya habari. Kidogo kinafungua, kingi kinafunga.

Nimesema sana habari za bangi wakati chokoleti ndiyo mwenye shughuli.

Shambani kwa baba tulipasua matunda ya kokoa kwa panga fupi na kutoa mbegu zilizovikwa utando mweupe. Kazi ya watoto ilikuwa kusomba, lakini kwanza tulifyonza ule utando, utamu wenye uchachu unaokaribia stafeli, mpaka tunafukuzwa. Mbegu zikivundikwa, zinakaa siku tano sita zimefunikwa kwa majani ya mgomba, au kwenye masanduku ya mbao kwa walioendelea, zinageuzwa ili joto lienee. Uani pote pananuka siki. Kisha zinaanikwa juani. Hapo ndipo chokoleti inapoanzia, si kiwandani. Mbegu ambayo haikuvundikwa hata umpe fundi wa Ubelgiji atatoa kitu kichungu kinachokaba koo. Ila chokoleti yenyewe utotoni sikuijua. Nilijua gunia, mizani na bei, na siku hizi mnada wa stakabadhi ghalani. Kuila nimekuja kuila nikiwa mtu mzima, ng'ambo.

San Francisco, ng'ambo ya daraja kutoka kwetu, wapo watengenezaji wa chokoleti wanaoitwa Dandelion, wenye mgahawa Valencia Street. Mche wao mmoja umeandikwa Kokoa Kamili, Tanzania: asilimia 70, viungo viwili tu, kokoa na sukari. Kokoa Kamili ni kampuni iliyoko Mbingu, bonde la Kilombero, inayonunua kokoa mbichi kwa wakulima wadogo na kuivundika yenyewe badala ya kila mmoja kuvundika kwake kwa namna yake. Nilipouona rafuni nilifurahi, halafu nikakasirika kidogo kwamba ni Kilombero na si Kyela. Mume wangu alicheka sana. Lakini haki lazima isemwe, ni chokoleti nzuri mno, ina uchachu wa matunda unaonirudisha kwenye ule utando mweupe, na haina haja ya maziwa wala vanila ya kuficha kitu. Huo ndio mche wetu wa kumbukumbu ya ndoa.

Bei yake inauma. Mwaka 2024 kokoa ilipopita dola 10,000 kwa tani kwenye soko la dunia, ndugu zangu Kyela walinipigia simu kwa vigelegele, na mimi nilikuwa nimesimama dukani nimeushika mche mmoja nafikiria kuurudisha. Niliununua. Mtu hawezi kufurahia mnada wa kwao akakataa kulipa huku.

Namna ya kuila nimejifunza kwa kuila. Itoke kwenye baridi mapema, ikae mezani ipate joto la chumba, kwa sababu chokoleti ya friji haina harufu. Usiitafune. Siagi ya kokoa inayeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mdomo wako, kwa hiyo ukiiweka ulimini ukasubiri itafanya kazi yenyewe, na ladha zitakuja moja baada ya nyingine: kwanza uchungu, kisha matunda, kisha kitu kinachobaki nyuma ya koo. Kwa watu waliokula kile kipande saa kumi na mbili, kusubiri huko si adhabu. Tunaweka pia chumvi kidogo ya mawe, ganda la chungwa lililokaushwa, tende, na kahawa ya mume wangu anayoipika kwa tangawizi kama ya wauza kahawa wa Barabara ya Ishirini. Chokoleti ya maziwa haikatazwi, ila ina sukari nyingi na inashibisha haraka. Baada ya vipande vitatu hamu imekwisha na usiku bado mchanga.

Wajuzi wa huku wanazungumzia kulinganisha harufu za bangi na ladha za chokoleti, na kwenye hilo wana ukweli kiasi. Mmea ule unabeba mafuta ya harufu yaitwayo terpini, na mengi ni yale yale tunayoyajua jikoni. Limonini iko kwenye ganda la limau. Mirsini iko kwenye embe. Kariofilini iko kwenye pilipili manga na kwenye karafuu, kwa hiyo aina ya bangi yenye kariofilini ukiisogeza pamoja na chokoleti nyeusi yenye pilipili manga, mtu wa Pemba angeitambua harufu hiyo kabla hujamwambia ni nini. Lakini maneno haya yana maana kwa anayevuta, au anayetumia kile kifaa cha kuichemsha bila kuiunguza. Bangi nyingi ya kula imetengenezwa kwa mafuta yaliyochujwa mpaka harufu imebaki jina. Kusoma kwenye boksi kwamba chokoleti hiyo ni ya "harufu ya msitu na machungwa" ni kusoma tangazo. Sisi hatuvuti: mkataba wa nyumba unakataza, na mume wangu hataki moshi chumbani isipokuwa wa udi.

Kuna dai jingine linalopendwa, kwamba chokoleti yenyewe ina bangi ya asili, ndiyo maana vinapatana. Asili ya dai hilo ni sayansi ya kweli iliyovutwa ikarefuka. Raphael Mechoulam, aliyeitenga THC mwaka 1964 pamoja na Yechiel Gaoni huko Israeli, alikuwa pia mkuu wa maabara ambamo mwaka 1992 kiligunduliwa kitu ambacho ubongo wetu hujitengenezea na kinachofanya kazi kwa mlango ule ule wa THC. Wakakiita anandamidi, kutoka neno la Kisanskriti la furaha. Mwaka 1996 watafiti wengine wakakikuta ndani ya chokoleti. Sawa, kimo, lakini kwa chembe ndogo mno, na tumbo linakivunja kabla hakijafika popote. Ile kemikali nyingine wanayoiita ya mapenzi, ambayo matangazo ya Februari hayakosi kuitaja, nayo huvunjwa njiani. Kinachobaki ni teobromini inayochangamsha kwa upole, sukari, na mafuta. Hayo mafuta ndiyo yanayoipenda THC kwelikweli, kwa sababu THC haiyeyuki kwenye maji. Mkiona chokoleti na bangi vimeoana, mshenga ni siagi.

Kutengeneza nyumbani sikushauri, ingawa sheria ya California inaruhusu mtu mzima kuotesha miche sita nyumbani kwake. Si kwamba ni kazi ngumu. Majani yanapashwa joto kwanza kwenye oveni ili THC iamke, yanalowekwa kwenye siagi ya kokoa, mafuta yanachanganywa na chokoleti iliyoyeyushwa. Tabu ni kwamba jikoni kwako huna mizani ya kupima nguvu, na mafuta yasipochanganyika sawasawa kona moja ya trei itakuwa na mara tatu ya kona nyingine. Shoga yangu mmoja alitengeneza kwa ajili ya usiku wa mumewe. Yeye hakusikia kitu mpaka asubuhi, mume alikaa bafuni kwenye vigae mpaka saa tisa akisema sakafu ndiyo rafiki yake wa pekee. Vipande vilitoka trei moja.

Wifi yangu wa Tanga, ambaye ndiye aliyenifunza mambo ya chumbani nilipoolewa, hajui habari ya bangi na sitamwambia. Ila mafunzo yake ndiyo yanayoendesha usiku ule. Chumba kwanza: shuka safi, udi upite mapema utoke ubaki unukiaji, asumini ikipatikana (Oakland inapatikana, imejaa kwenye ua za watu, na majirani wetu wametuzoea tunavyoomba). Simu zikae sebuleni. Maji ya kunywa yawe karibu, na maji ndiyo utakayoyahitaji kuliko kitu chochote, kwa sababu bangi inakausha mdomo na chokoleti inaomba maji. Tena alikuwa na jambo moja alilolirudia: mwenzio asishtukizwe.

Hilo la kutoshtukizwa tumelifanya sheria. Makubaliano yote tunayafanya mchana, akili ikiwa kavu. Tunakula leo au hatuli? Kiasi gani? Na huko mbele, lipi linakaribishwa na lipi halikaribishwi? Kilichokataliwa mchana hakifufuliwi usiku kwa sababu mtu sasa anacheka na macho yamelegea. Na aliyekubali mchana anaweza kughairi usiku bila kutoa maelezo, ndoa isigeuzwe hati ya kumdai. Kuna mwaka nilighairi mimi, nilikuwa na mafua, tukaishia kula chokoleti tupu na kutazama mpira wa Simba wa marudio. Kumwekea mtu bangi kwenye chokoleti bila kumwambia, eti umfurahishe, ni ukatili na ni jinai, hata awe mume wako wa miaka ishirini.

Wapo wasiopaswa kabisa: mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye historia ya kuugua akili yeye au kwa wazazi wake, na anayetumia dawa za kila siku kabla hajamuuliza daktari wake. Na watoto. Chokoleti ya bangi kwa mtoto ni chokoleti, hana namna ya kujua. Ndiyo maana ya sanduku la kufuli, na namba ya kituo cha sumu, 1-800-222-1222, imebandikwa kwenye mlango wa friji letu pamoja na ratiba ya shule. Mwenye mbwa naye aangalie, chokoleti peke yake inamdhuru, bangi ndiyo usiseme.

Sasa la makaratasi, na hili nawaambia Waswahili wenzangu hata wasiponiuliza. Ruhusa ya California ni ya California. Sheria ya shirikisho bado inaikataza, na mambo ya uhamiaji yako chini ya shirikisho. Aprili 2019 idara ya uraia ya Marekani ilitoa mwongozo ulio wazi: mtu anaweza kunyimwa uraia kwa sababu ya bangi hata kama aliitumia mahali ambapo jimbo limeruhusu. Hawahitaji kukukamata, kukiri kwako mwenyewe kwenye usaili kunatosha. Kwa hiyo mwenye grini kadi, mwenye viza, anayesubiri ombi lake lijibiwe, hata picha ya boksi asiiweke kwenye simu. Sisi tulisubiri mpaka tulipokwisha kula kiapo. Rafiki zetu wawili bado wanangoja, na kwenye kumbukumbu ya ndoa yao nawapelekea mche wa Kilombero na kahawa, na usiku wao haupungui kitu.

Madereva wa malori vivyo hivyo, na ndugu zetu wengi huku wanakula kwa usukani. Leseni ya malori iko chini ya vipimo vya shirikisho, na kipimo cha mkojo kinaweza kuiona THC siku nyingi baada ya stimu kusahaulika, wiki kadhaa kwa anayetumia mara kwa mara. Jimbo likuruhusu lisikuruhusu, kazi imekwenda.

Halafu sanduku la safari. Tukienda nyumbani tunapitia Doha au Dubai, na kule hawana utani na hata chembe. Tanzania nako kuna sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, yenye vifungo vya miaka mingi. Kitu kinachonitisha si mtu kubeba kwa makusudi, ni chokoleti kujichanganya na chokoleti, kwa sababu hakuna Mtanzania anayetoka Marekani bila kilo mbili za chokoleti za zawadi. Chokoleti za nyumbani kwetu nanunua siku nyingine na duka jingine, zinakaa kwa rafiki yangu mpaka asubuhi ya safari, na risiti naiweka ndani ya pasipoti. Mama huwa anashangaa kwa nini hazijafunguliwa hata moja. Halafu anauliza ni kokoa ya wapi, nami sijapata jibu zuri la kumpa, maana duka lile halina ya Kyela.